Sekunde Thelathini na Nane

Kwa Mama Kerubo wa kantini nimeazima sufuria,
ile ya ugali wa zamu ya usiku,
nikaijaza maji, nikaiteleka juu ya jiko la umeme
katika karakana yetu, Barabara ya Lunga Lunga.
Hapa Nairobi maji hayangoji mia.
Tisini na tano, yanatokota;
mji umekaa juu mno, hewa imepungua uzito.
Fundi anayesahau hilo
amekwisha kosea kabla ya kuanza.

Kihisi ni kijiti cha chuma, urefu wa penseli.
Kimelala mezani, kimezoea nyuzi ishirini na mbili za chumba.
Nakitumbukiza, nabonyeza saa.
Sikingoji kifike.
Kufika hakuna mwisho: kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia,
kama mdeni anayelipa nusu ya kilichobaki,
kisha nusu ya nusu,
na deni haliishi.
Nangoja sehemu ya safari tu,
asilimia sitini na tatu na ushei,
yaani sitini na nane kwenye kioo.

Sekunde nne.
Kikiwa uchi, kihisi hiki ni chepesi kuliko jicho langu.

Lakini kazini hakiendi uchi.
Huvikwa ala ya chuma cha pua, maziwa yasije yakakigusa.
Nimeikagua ile iliyotolewa kwenye bomba la Alhamisi:
nje, ukoko wa maziwa, mgumu kama kucha;
ndani, mafuta ya kupitisha joto yamekauka zamani,
pamebaki pengo la hewa, jembamba kama unywele.
Unywele huo ndio blanketi.
Nakoroga maji kwa mwiko, maana maji yaliyosimama hudanganya,
natumbukiza tena, pamoja na ala.
Kumi.
Ishirini. Kioo kinasema hamsini na mbili.
Mama Kerubo amekuja kudai sufuria, namnyamazisha kwa kidole.
Thelathini na nane.

Narudia. Thelathini na saba.
Narudia. Thelathini na tisa.

Ombachi alisema.
"Nilishika bomba kwa kiganja, Mutheu. Mvuke ulikatika.
Sekunde ishirini hivi, kisha ukarudi."
Meneja akatandaza karatasi ya kinasa:
mstari umebonyea kidogo, kama godoro alipoketi mtoto,
sabini na mbili nukta moja, juu ya mpaka.
"Karatasi haina mdomo wa kusema uongo,"
na Ombachi akaondoka na barua
na mabuti yake ya mpira ndani ya mfuko wa saruji.

Sasa nafanya hesabu nyuma ya bahasha.
Kifaa cha thelathini na nane, ajali ya ishirini:
kinaona sehemu nne kwa kumi, na ajali imekwisha pita.
Nyuzi tatu kasoro kilizoandika
zilikuwa saba ndani ya maziwa.
Sabini na tano ikashuka hadi sitini na nane,
namba ile ile,
na vali iliyopaswa kuyarudisha maziwa mabichi
ikakaa wazi, ikiamini habari za jana.

Naandika ripoti. Nambari ya ala,
urefu, unene, tarehe ya kupakwa mafuta mara ya mwisho
(haipo).
Naandika: karatasi haikudanganya, ilichelewa.
Nafika penye jina langu, kalamu inasita.
Alhamisi nilikuwepo mlangoni. Nilisikia.
Habari ya ala kila fundi anaijua;
nilikaa nayo Ijumaa, Jumamosi, Jumapili kanisani,
joto likiniingia polepole kupitia pengo langu mwenyewe.
Leo ni Jumanne.
Fomu haina safu ya kujaza hilo.

Nimeisugua sufuria mara mbili, nimeirudisha.
Mama Kerubo ameinusa.
"Ulikuwa unapika nini?"
Nimemwomba nambari ya simu ya Ombachi.